Mbelewele na Ndevu: Habari za Mbegu ya Mahindi katika Wilaya ya Kilosa

Mamboya ni nchi ya vilima katika Ukaguru, kaskazini ya mji wa Kilosa. Wasomi wa lugha waijua kwa ajili ya J. T. Last wa Church Missionary Society, aliyekaa huko mwanzoni mwa miaka ya 1880, na ambaye sarufi yake ya Kikaguru ilichapishwa mwaka 1886. Chakula kikuu cha wenyeji ni mahindi. Na chini ya vilima, karibu na mji wa Kilosa, kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilichoanzishwa mwaka 1943. Historia ya mbegu ya mahindi katika wilaya hiyo haieleweki ila kwanza lijulikane umbo la ua lenyewe.

Mhindi hutenga viungo vyake vya uzazi. Juu ya shina hutokea mbelewele, ambayo ni maua ya kiume yenye kutoa chavua, yaani ungaunga uchukuliwao na upepo. Ubavuni mwa shina hutokea ua la kike, nalo ni gunzi changa lililofunikwa kwa maganda, na nchani mwake hutoka ndevu. Kila unywele wa ndevu hizo ni njia ya kuiendea punje moja. Usipopata chavua, punje yake haiwi, na hindi huwa na mapengo. Yafaa kuangaliwa kwamba Kiswahili kimekipa kiungo cha kike jina la ndevu, ambazo kwa wanadamu ni alama ya kiume. Jina hilo lafuata sura, wala si kazi. Lakini mpapai usiozaa huitwa mpapai dume, na hapo jina lafuata kazi. Basi habari ya mmea kuwa na dume na jike haikuwa ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili.

Huko Ulaya jambo hilo lilithibitishwa kwa majaribio na Rudolf Jakob Camerarius wa Tübingen, katika waraka wake wa mwaka 1694. Aliondoa maua ya kiume ya mbarika, akazikata ndevu za mahindi, akaona kwamba mbegu njema hazipatikani. Juu ya msingi huo ndipo ilipojengwa kazi ya kuzalisha mbegu. Mtaalamu hufunika gunzi changa kwa mfuko wa karatasi kabla ndevu hazijatoka, na mbelewele pia huivika mfuko wake. Kisha, chavua ikiwa tayari, huikung'uta juu ya ndevu za mmea aliouchagua, akazifunika tena na kuandika wazazi wote wawili. Kwa mikono hiyo upepo hunyimwa kazi yake.

Kutokana na maarifa hayo zilifuatwa njia mbili. Mwaka 1964 kituo cha Kitale, nchini Kenya, kilitoa mbegu chotara H611, iliyopatikana kwa kukutanisha mahindi ya Kitale na mahindi yenye asili ya Ecuador. Chotara huzaa sana, lakini punje zake zikipandwa tena nguvu hupungua. Kwa hiyo mkulima hana budi kununua mbegu kila mwaka. Ilonga, katika miaka ya 1970, ilitoa Ilonga Composite White, mbegu ya mchanganyiko ambayo mimea yake huachwa ichavushane yenyewe kwa yenyewe, na mkulima aweza kujiwekea akiba kwa misimu kadhaa. Zilifuata Staha mwaka 1983 na TMV-1 mwaka 1987, zenye kustahimili ugonjwa wa milia, ambao H. H. Storey alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba huenezwa na wadudu wadogo warukao, naye baadaye akafanya kazi Amani.

Hata hivyo uhuru huo wa kuweka akiba una masharti yake. Shamba la mbegu huhitaji kutengwa na mahindi mengine kwa mita 200 au zaidi. Na mashamba ya wakulima wadogo aghalabu hupakana. Chavua ya mahindi ya manjano ikiangukia ndevu za mahindi meupe, punje za manjano huonekana katika hindi lile lile, mwaka ule ule. Lakini jirani akipanda mahindi meupe ya aina nyingine, hapana dalili ya kuonekana kwa macho, na mbegu hubadilika kimya kimya hata jina lake libaki peke yake.

Hivyo mbegu ya mchanganyiko haikumwondolea mkulima kazi ya kuitawala chavua; ilimhamishia kazi hiyo kutoka kituoni. Kuchagua mahindi ya mbegu katikati ya shamba, mbali na mipaka, na kupatana na jirani juu ya aina na majira ya kupanda, ni kufanya kwa njia nyingine lile lililofanywa Ilonga kwa mfuko wa karatasi.