Vita vya Kilimanjaro Juu ya Meza

Njoro ni mojawapo ya kata za mji wa Moshi. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama pale huuona mlima wote, Kibo na Mawenzi pamoja, na akigeukia mashariki hukabili upande wa Himo na Taveta. Ni vigumu kwake kusadiki kwamba kutoka upande huo, mwezi wa Machi mwaka 1916, lilikuja jeshi kubwa likiwa na mizinga, magari ya deraya na eropleni. Wakati ule Moshi ulikuwa mji mchanga, mwisho wa reli ya Tanga iliyofika hapo mwaka 1911, nao ulitwaliwa na Waingereza katikati ya mwezi huo wa Machi. Vita vile vimeacha alama chache: makaburi ya wanajeshi Moshi na Taveta, njia ya reli iliyotoka Voi kuja kuungana na ile ya Tanga, na masimulizi ambayo kila mwaka hupungukiwa na wasimulizi.

Walakini vita hivyo huundwa upya mbali na hapa, juu ya meza za watu wa Ulaya, Marekani na Japani ambao uraibu wao ni kutengeneza mifano midogo ya zana za kijeshi. Mtu hununua kasha lenye vipande vya plastiki, huvikata, huvisugua, huviunga kwa gundi na kuvipaka rangi; mwisho hupata gari, ndege au askari aliye kamili katika udogo wake. Miongoni mwa makasha yaliyotolewa katika karne hii yamo yanayohusu zana zilezile zilizopigana chini ya Kilimanjaro. Yafaa basi kuuliza ni historia gani iliyomo ndani ya makasha hayo, na ni ipi iliyoachwa nje.

Asili ya kazi hii haikuwa mchezo. Mwaka 1668 Louvois, waziri wa vita wa Ufaransa, alianza kutengenezesha mifano ya miji yenye ngome. Mingi ya mifano hiyo ilikuwa ya kipimo cha 1/600, ili mfalme Louis wa Kumi na Nne na majemadari wake wapate kutafakari mazingiwa bila ya kuondoka jumbani. Mifano hiyo ilikuwa siri ya dola. Mwaka 1913, yaani mwaka mmoja tu kabla ya Vita Kuu, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa sanamu sakafuni. Mwaka 1936 kampuni ya Frog ya Uingereza ilianza kuuza ndege za vipande kwa kipimo cha 1/72. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, wanafunzi wa Marekani walichonga maelfu ya ndege za mbao kwa kipimo hichohicho, ili wanajeshi wajifunze kupambanua ndege ya rafiki na ndege ya adui. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru kidogo ambacho ukubwa wake uliamuliwa na haja ya kutia mota na betri tumboni mwake. Kipimo kilichopatikana kwa sababu hiyo, 1/35, ndicho kilichokuwa ada ya magari ya vita hata leo. Hivyo chombo cha majemadari kiligeuka kuwa burudani ya raia, lakini hakikuacha tabia yake ya kwanza, ambayo ni kutaka usahihi.

Ama kuhusu vita vya Kilimanjaro, kasha la kutajwa kwanza ni lile la ndege ya B.E.2c, lililotolewa na Airfix ya Uingereza mwaka 2015 kwa kipimo cha 1/72. Ndege za aina hiyo zilitumiwa na kikosi cha 26 cha Afrika Kusini, kilichofika Mbuyuni, upande wa Kenya, mwanzoni mwa mwaka 1916. Mabawa yake ya kweli yalikuwa na upana wa mita 11 na kidogo. Mezani huwa sentimita zipatazo 16, na ndege nzima hukaa juu ya kiganja. Kampuni ya Wingnut Wings ya New Zealand nayo ilitoa ndege hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi cha 1/32, lakini kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2020, na makasha yake sasa hutafutwa kama vitu vya kale. Gari la deraya la Rolls-Royce limetolewa na Roden ya Ukraine na Meng ya China.

Pamoja na makasha viko vitabu, kwa maana mwundaji asiye na marejeo ni kama fundi asiye na futi. Kitabu cha Peter Abbott kuhusu majeshi ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1914 hadi 1918, kilichochapishwa na Osprey mwaka 2002, kinaeleza na kuonyesha kwa picha za rangi mavazi ya pande zote. Mwaka 2013 shirika hilo lilitoa kitabu cha Alejandro de Quesada juu ya askari wa makoloni ya Ujerumani.

Faida ya uraibu huu kwa mwanahistoria ni kwamba humlazimisha mtu kuuliza maswali ambayo msomaji wa kawaida huyapita. Mwandishi anaweza kusema kwamba askari wa Wajerumani walikuwa na bunduki, akaendelea na habari yake. Mwundaji hawezi, kwani lazima achonge bunduki fulani. Hapo ndipo agunduapo kwamba vita vilipoanza wengi wa askari hao walikuwa na bunduki za mwaka 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mwingi na kumfichua mpigaji. Bunduki mpya zaidi zilipatikana kwa kunyang'anywa Waingereza huko Tanga mwezi wa Novemba 1914, na kwa meli Rubens iliyopenya kizuizi cha manowari za Kiingereza mwezi wa Aprili 1915. Kwa hiyo sanamu isiyo na mwaka haiwezi kuundwa. Vivyo hivyo kwa Rolls-Royce: gari la mwaka 1914 lilikuwa na magurudumu ya vijiti, na lile la mwaka 1920 lilikuwa na magurudumu ya sahani. Mwenye kuweka gurudumu la sahani chini ya Kilimanjaro amekosea kwa miaka minne, na wenziwe watamwambia.

Kilima cha Salaita, karibu na Taveta, kinatoa funzo jingine. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikipiga kwa mizinga, wakilenga mahandaki yaliyoonekana juu ya kilima. Kumbe mahandaki yale yalikuwa ya hadaa. Yale ya kweli yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefichwa na vichaka. Askari wa Afrika Kusini walipokaribia walipigwa na bunduki za rashasha wakarudi nyuma, na zaidi ya watu 170 wa upande wa Waingereza waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Walikuwa na ndege za kupeleleza, nazo hazikuwaonyesha ukweli wa mambo. Mwenye kuunda mandhari ndogo ya Salaita hushawishika naye kuweka mahandaki juu, kwa kuwa huko ndiko mtu yeyote angetarajia kuyaona. Akifanya hivyo huwa amedanganywa na hila ileile, zaidi ya miaka mia baadaye.

Kifaa kinachovutia waundaji kuliko vyote ni mzinga wa manowari Königsberg. Manowari hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya mto Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe baada ya kupigwa. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ilitolewa majini, ikavutwa na mamia ya watu hadi Dar es Salaam, na mingine ikatiwa magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mmoja ulifika Kahe, kusini mashariki ya Moshi, na Wajerumani waliuvunja wenyewe walipolazimika kuondoka hapo baada ya mapigano ya tarehe 21 Machi 1916. Mwingine uko Mombasa, katika Fort Jesus, na yeyote anaweza kuutazama kwa karibu. Mtutu wake una urefu wa mita 4.2, ambao kwa kipimo cha 1/35 ni sentimita 12 kamili. Mtutu wa namna hiyo hukerezwa bila shida. Shida iko mbele yake: ni nani aliyeuvuta?

Swali hilo ndilo linalofichua upungufu wa makasha. Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa katika nchi ambayo barabara zilikuwa chache, na ambayo mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe. Risasi, unga, dawa, waya wa simu na bunduki za rashasha vilibebwa na watu, kila mmoja mzigo wake wa ratili 50 au 60. Wapagazi waliotumika upande wa Waingereza na washirika wao hukadiriwa kuwa kama milioni moja, na waliokufa upande wa Waingereza peke yake kiasi cha laki moja, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Geoffrey Hodges aliwaandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1986. Jina lao la Kiingereza, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam, ambapo maelfu ya watu hununua na kuuza kila siku bila ya kukumbuka maana yake.

Hesabu ndogo itaeleza jambo hili kuliko maneno mengi. Kompani ya kawaida ya Wajerumani ilikuwa na Wazungu wapatao 16, askari kama 160, na wapagazi kiasi cha 250. Tuseme walikwenda kwa mstari mmoja katika njia ya porini, kila mtu akichukua nafasi ya mita mbili. Msafara wao ungekuwa na urefu wa mita 850 na zaidi. Kwa kipimo cha 1/72, ambacho mtu wa kimo cha kawaida huwa milimita 24, msafara huo ungehitaji meza yenye urefu wa karibu mita 12. Katika mita hizo 12, karibu 7 ni za wapagazi. Mwundaji anayetaka usahihi wa gurudumu na wa kifungo cha koti, kisha akawaweka mezani askari peke yao, ametengeneza chini ya nusu ya kompani yake.

Si haki kuwalaumu wenye viwanda peke yao. Wao hutoa kinachonunulika, na mnunuzi hupenda mtutu kuliko mzigo. Hata dola zilikosa mizani hiyo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonyesha mpiganaji mmoja na bunduki yake. Nairobi mpagazi amepewa nafasi kando ya askari. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Uingereza inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyokiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi yao huenda ikafika 350,000. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa miaka zaidi ya mia moja mizigo ile imeonekana myepesi kwa sababu waliopima si waliobeba.

Hata hivyo upungufu wa makasha unaweza kuzibwa, wala fedha nyingi hazihitajiwi. Waundaji stadi wana desturi ya kutengeneza kwa mikono kile ambacho kiwanda hakikutoa: hupinda waya kuwa mifupa ya mtu, hujaza nyama kwa udongo maalumu, huvika nguo za karatasi nyembamba. Desturi hiyo si ngeni katika nchi hii. Vijana wa mitaa ya Moshi hupinda waya na makopo kuwa magari yenye usukani, na wake kwa waume wa mlimani wanajua jinsi maganda ya mgomba yanavyokunjika na kufungika. Kwa waya na ganda la mgomba huundwa mpagazi na mzigo wake kichwani, tena kwa gharama ndogo kuliko ya kasha moja litokalo ng'ambo. Marejeo yake nayo yapo: vilima vya Salaita, Latema na Reata havijahama, mzinga uko Mombasa, picha zimehifadhiwa katika makumbusho, na katika nyumba nyingi ziko habari za babu aliyechukuliwa akaenda na mzigo asirudi.

Shule moja ya Njoro ingeweza kuifanya kazi hii katika muhula mmoja, wanafunzi wakigawana watu 426 wa kompani ile. Wanafunzi 40 wangepata sanamu 10 au 11 kila mmoja, na zaidi ya nusu ya sanamu hizo wangezitwika mizigo. Wakimaliza wangezipanga katika mstari mmoja, mita 12 za meza zilizounganishwa ukumbini, kisha wangetembea kando yake kutoka mwanzo hadi mwisho.