Ngome Tatu za Morogoro

Bagamoyo ina Ngome Kongwe ya kuwaonyesha wageni: kuta nene, ua wa ndani, na mwongozaji anayeeleza jinsi watumwa walivyosubiri majahazi ya kwenda Unguja. Morogoro, walikopitishwa watu waliofungwa minyororo kuelekea pwani hiyohiyo, haina ukuta wa kuonyesha. Hata hivyo mji huu ulizaliwa ngomeni, na historia yake haieleweki mpaka zihesabiwe ngome tatu: mlima, ukuta wa Kisabengo na boma la Mjerumani.

Ya kwanza haikujengwa na mtu. Milima ya Uluguru inainuka ghafla kutoka tambarare ya Ngerengere hadi kupita mita 2,600, na mabonde yake ni membamba yenye maji mwaka mzima. Waluguru waliipanda kwa makundi, ukoo baada ya ukoo, na ardhi wakairithisha kwa upande wa mama. Hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na wakuu wa koo, na juu ya baadhi yao watu wenye sifa ya mvua, kama Kingalu wa Kinole, ambaye jina lake limerithiwa kizazi hata kizazi. Mlimani kulikuwa na shamba na mvua, na katika karne ya 19 ikaongezeka sababu nyingine ya kukaa juu: chini palikuwa na wawindaji wa watu.

Chini kwenyewe kulikuwa Zungomero, upande wa kusini-mashariki wa milima, karibu na Kisaki. Wapelelezi Richard Burton na John Speke walipofika hapo Julai 1857 walikuta kituo kikubwa cha misafara: pembe za ndovu zikishuka, nguo na bunduki zikipanda, wapagazi wakitafutiwa mzigo. Burton alieleza pia vijiji vilivyochomwa na watu waliokimbilia porini. Biashara ya pembe na biashara ya watu zilitumia njia moja na wafanyabiashara walewale, na mara nyingi aliyenunuliwa ndiye aliyebeba pembe.

Ngome ya pili ilijengwa na mkimbizi. Kisabengo alikuwa Mzigua, na Wazigua waliijua biashara hii kwa pande zote mbili. Katika njaa kuu ya miaka ya 1830 wengi wao walijikuta pwani, wakauzwa na kuvushwa mpaka Somalia, ambako vitukuu wao waliendelea kusema Kizigua hadi vita vya miaka ya 1990 vilipowarudisha baadhi Tanzania. Miaka michache baada ya njaa ile, Wazigua wenye bunduki walikuwa wakiwavamia majirani zao. Kwa habari alizokusanya mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, Kisabengo hakuwa mtoto wa mkubwa. Alikuwa na nguvu, ulimi wa kuvuta watu na wafuasi ambao wengi wao walikuwa watumwa watoro. Alipotafutwa na Sultani wa Zanzibar alikimbilia bara, Ukami, akawanyang'anya Wakami bonde zuri la Ngerengere chini ya mlima, akajenga mji ukingoni mwa mto.

Mji huo, chimbuko la Morogoro ya leo, uliitwa Simbamwene. Uzeeni Kisabengo naye alijitwalia jina hilo, na kabla ya kufa akamrithisha binti yake mkubwa, jina pamoja na utawala. Basi Stanley alipopita Aprili 1871, akienda kumtafuta mpelelezi Livingstone, mwenye mji alikuwa mwanamke. Alikuta ukuta wenye minara ya mawe kila pembe, na malango manne yaliyoelekea pande nne za dunia. Milango ilikuwa ya mbao ngumu, imechongwa nakshi kwa ustadi mkubwa, naye akadhani imetoka Unguja au pwani, ubao kwa ubao. Alikadiria nyumba zipatazo elfu moja, na watu kati ya 3,000 na 5,000. Nyumba ya mtawala ilikuwa na paa refu na baraza mbele, kama za pwani. Malkia naye hakungoja shukrani za mgeni: alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na watu wa Stanley waliporudi kumtafuta mpishi aliyepotea, akawakamata na kuchukua bunduki zao.

Hapa ndipo penye fundo la historia ya Morogoro. Watu waliomweka Kisabengo juu walikuwa wamevunja minyororo yao wenyewe, na mji wao ulikuwa mahali ambapo mtoro aliweza kulala bila kuogopa bwana wake wa zamani. Lakini baruti na nguo vilinunuliwa pwani, na pwani ilitaka pembe na watu. Ukuta uliwalinda waliokuwa ndani kwa kuwatoa waliokuwa nje, yaani Wakami wa bondeni na Waluguru wa miteremko ya chini. Anayemsifu Kisabengo kama mkombozi wa watumwa anasema kweli, na anayemlaani kama mwizi wa watu anasema kweli pia. Mlango uliomwingiza mtoro ndio uliomtoa mateka.

Ngome hiyo haikuvunjwa na jeshi. Stanley aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko ya mto uleule yamebeba ukuta wote wa mbele na nyumba zipatazo hamsini. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa la Unguja, na 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Biashara iliendelea kwa siri, lakini mji uliotegemea njia ile ulikuwa umeanza kupungukiwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wakiwakomboa watumwa Bagamoyo tangu 1868, walifungua misheni Mhonda mwaka 1877, kisha Morogoro katika miaka ya 1880. Mji wa Kisabengo umebaki katika majina: jina la Kingo, la ukoo wake, leo ni jina la kata ya mjini, na kata nyingine inaitwa Sultan Area.

Ngome ya tatu ni boma, makao ya serikali ya Mjerumani. Wajerumani walikuja wakisema wamekuja kukomesha utumwa, na kwa neno hilo walipata fedha na askari wa kumpiga Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Wakishatawala, hawakuufuta utumwa. Waliuwekea sheria, wakatoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, na wakatangaza kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 kumalizika atakuwa huru. Kodi ya nyumba ilianza 1898, na asiye na fedha aliilipa kwa jasho. Mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro, na mizigo iliyobebwa vichwani kwa vizazi ikapanda behewa. Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Mwingereza chini ya Jenerali Smuts yaliuchukua mji. Wajerumani wakaizunguka milima kurudi nyuma mpaka Kisaki, jirani na Zungomero ya zamani, na pande zote mbili zikakamata watu wa kubeba mizigo ya vita. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Mwingereza.

Ngome mbili za chini zilikwisha, ya kwanza ikabaki na watu wake. Walikuwa wengi, na miteremko ni mikali. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru na kuwaamuru wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na wengi waliona ni ya bure au ni mlango wa kuporwa ardhi. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa.

Leo maji ya Mto Ruvu, yanayonywewa Dar es Salaam, yanatoka katika milima hii, na mkulima wa migomba na mboga wa Mgeta au Kinole bado anaambiwa analima mahali pabaya. Udongo kweli unashuka na msitu kweli umepungua. Ni haki kulisema hilo. Ila mtaalamu anayepanda na ramani yake ajue kwamba mwinuko ule ulikuwa pia kimbilio, enzi ambazo kulima bondeni kulikuwa kujiweka njiani kwa msafara. Watu waliobanwa mlimani na soko la dunia hawakuchagua mteremko kwa ujinga, na gharama ya kuutunza isiandikwe kwa jina lao peke yao.