Mwanafunzi wa Sheria na Mkataba wa Mfanyabiashara



Katika kambi za jeshi na vituo vya polisi hakuna asiyejua tofauti baina ya kuruti na askari kamili. Kuruti aweza kuwa na shabaha nzuri kuliko koplo wake, lakini haachwi peke yake kulinda ghala la silaha kabla ya kumaliza mafunzo na kula kiapo. Hadharauliwi kwa hilo. Ni kwamba, likitokea la kutokea, lazima ajulikane mtu wa kuulizwa. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kanuni hiyo hiyo katika kazi ya sheria. Wako wanafunzi wa sheria wanaowaandikia wafanyabiashara mikataba, wakawaandalia hati za kuunda kampuni na barua za kudai madeni, hali wao wenyewe hawajaandikishwa kuwa mawakili.

Ili kulielewa jambo hili yafaa turudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 1961 hapakuwa na kitivo cha sheria katika Uganda, Kenya wala Tanganyika. Mwafrika aliyetaka kuwa wakili alilazimika kusafiri ng'ambo, na aghalabu safari hiyo iliishia London.

Chukueni mfano wa marehemu Benedicto Kiwanuka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika jeshi la King's African Rifles hata akafikia cheo cha sajini meja. Baada ya vita alifanya kazi ya ukalimani katika Mahakama Kuu. Mkalimani husikia hoja za pande zote mbili na kuzitamka kwa kinywa chake, lakini hana ruhusa ya kutoa hoja hata moja iliyo yake. Ilimbidi kwenda Basutoland, kisha London, na ni mwaka 1956 tu alipokubaliwa kuwa wakili. Baadaye aliiongoza serikali ya Uganda, na mwaka 1971 akawa Jaji Mkuu. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha walimkamata pale pale mahakamani, naye hakurudi tena. Huo ni msiba ambao kila mwenye kuvaa sare anapaswa kuukumbuka.

Urefu wa njia ya namna hiyo ulizaa uhaba wa mawakili, na uhaba ukazaa watu wa kuziba pengo. Makarani na waandishi wa barua waliojua maneno mawili matatu ya sheria waliwaandikia raia maombi na mapatano kwa ujira mdogo. Wengine walisaidia kweli. Wengine waliwaponza wateja wao, na walipotafutwa hawakuonekana.

Mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na jaji wa Uingereza, Lord Denning, ilitoa taarifa yake juu ya elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, ikashauri mafunzo yafanyike katika nchi zenyewe. Mwaka huo huo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, na vijana wa Uganda na Kenya wakasoma huko pamoja na wenzao wa Tanganyika. Mwaka 1963 Kenya ilianzisha shule yake ya mafunzo ya uwakili. Makerere ilianza kufundisha sheria mwaka 1968, na mwaka 1970 Uganda ikaunda Kituo cha Maendeleo ya Sheria, ambako mwenye shahada hufundishwa kazi yenyewe kwa vitendo. Tanzania nayo ilitunga sheria ya kuanzisha shule ya namna hiyo mwaka 2007.

Basi njia ikawa fupi, lakini ikagawanyika vituo viwili: kwanza chuo kikuu, halafu mafunzo ya kazi. Katikati ya vituo hivyo pana kungoja. Kijana ana shahada mkononi, ila leseni hana. Karo inadaiwa, mitihani ni migumu, na tumbo halijui kungoja. Upande wa pili yuko mwenye duka au mwenye malori anayetaka mkataba leo hii, tena kwa bei nafuu. Wawili hao wakikutana, biashara hufanyika kimya kimya.

Sheria inasemaje? Uganda na Kenya zote mbili zinamkataza mtu asiye wakili kuandaa kwa malipo hati za aina zilizotajwa. Kenya inataja waziwazi hati za kuunda kampuni na mapatano ya ubia. Nchini Uganda hata wakili kamili lazima awe na hati ya kazi ya kila mwaka. Katika miaka ya 1990 mahakama zilishika msimamo mkali, na hati za wakili asiye na hati hiyo zilikuwa hatarini kubatilishwa, mteja akaumia kwa kosa ambalo hakulijua. Ndiyo sababu sheria ilirekebishwa mwaka 2002 ili kumkinga mteja wa wakili wa namna hiyo. Lakini angalieni sana: kinga hiyo inazungumzia wakili. Haimtaji mtu ambaye hajapata kuwa wakili kamwe.

Mwaka 2004 mlango mwingine ulifunguliwa. Kanuni za Uganda ziliwaruhusu wanafunzi wa mafunzo ya uwakili kusimama katika mahakama za mahakimu chini ya usimamizi wa wakili. Hapo wanyonge wamepata mtetezi, na mwanafunzi amejifunza kazi. Ruhusa hiyo, hata hivyo, haikutolewa ili mwanafunzi afungue duka la mikataba chumbani kwake.

Wako wasemao kwamba mawakili wanajijengea ua ili wale peke yao. Hoja hiyo haikosi chembe ya ukweli, kwani ada zao huwalemea wengi. Lakini ninyi ndugu askari polisi mnao ushahidi kwamba jambo hili lapita ugomvi wa ulaji. Kwa miaka mingi maofisa wa polisi wasio mawakili waliendesha mashtaka mahakamani. Walifanya hivyo kwa mamlaka rasmi, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na alikuwapo mkubwa wa kuwauliza. Kwa hiyo kiini cha jambo ni uwajibikaji. Wakili akila fedha ya mteja au akitoa siri yake, aweza kushitakiwa mbele ya kamati ya nidhamu ya Baraza la Sheria na kufutwa katika orodha. Mwanafunzi atafutwa wapi, hali hajaandikwa popote?

Jambo hili linawagusa ninyi wenyewe. Askari anayestaafu hupokea malipo yake ya utumishi mara moja. Hununua kiwanja, huingia ubia wa duka, hununua gari la abiria. Jasho la miaka ishirini hukaa juu ya karatasi moja. Rahisi ni ghali: ulizeni aliyeiandika karatasi hiyo ni nani, ofisi yake iko wapi, na hati yake ya kazi ni ya mwaka gani. Mwanafunzi akiiandaa katika ofisi ya wakili, wakili akaisoma na kuitia sahihi yake, hapana ubaya. Wakili atiaye sahihi bila kusoma, huyo ameiuza sahihi yake.

Na malalamiko yakifika kituoni, mpelelezi apime. Yule aliyemsaidia jirani bila ujira hafanani na yule aliyejiita wakili akapokea fedha.

Serikali nazo zina sehemu yao. Historia tuliyoisimulia inaonyesha kwamba kila mara njia ya leseni ilipokuwa ndefu au ghali, pengo lilizibwa na wasio na leseni. Kukamata peke yake hakutaliondoa pengo hilo. Lazima nafasi za mafunzo na usimamizi ziongezwe, ili kijana mwenye bidii asikae mno mlangoni. Kuruti hutakiwa kungoja kiapo chake, na depo nayo hutakiwa kumfikisha siku ya kuapa.