Bayochari: mkaa wa shambani unaohitaji kushibishwa kwanza

Bayochari ni mkaa wa kutia udongoni, si jikoni. Hutengenezwa kwa mabaki ya shamba: magunzi ya mahindi, pumba za mpunga, maganda ya kahawa, matawi yaliyopogolewa. Kukata miti kwa ajili yake hatukuungi mkono.

Kuna jambo linalowaangusha wengi. Bayochari si mbolea. Ina vitundu vidogo mno vinavyoshika maji na virutubisho, kama sifongo. Ukiitia shambani ikiwa tupu, inaweza kunyonya naitrojeni ambayo mahindi yangeitumia, na majani yakaanza kugeuka manjano. Mkulima wa kilimo hai hana urea ya kuokolea zao, kwa hiyo msimu wake unaweza kwenda hivyo hivyo.

Ishibishe kwanza. Changanya ndoo moja ya bayochari na ndoo tano hivi za mboji au samadi, lowesha, funika, kisha acha wiki 2 hadi 4. Mkojo wa ng'ombe nao unafaa. Mwenye mifugo anaweza kuitandaza bandani. Njia hii tunaipenda zaidi, kwani inashiba yenyewe na kupunguza harufu.

Kuichoma, chimba shimo pana juu, jembamba chini, nje na mbali na nyumba. Washa moto chini. Ukikolea, tandaza tabaka jembamba la mabaki makavu. Majivu meupe yakianza kuonekana juu, ongeza tabaka jingine. Mwali wa juu hula moshi na kuzuia hewa isifike kwenye mkaa ulio chini. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi. Ukichelewa utazoa majivu. Plastiki na mbao zenye rangi zisiingie humo. Ponda mkaa ukiwa na unyevu, maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Bayochari husaidia zaidi udongo uliochoka, wenye asidi au wa kichanga. Katika majaribio ya mahindi magharibi mwa Kenya, nafuu kubwa ilionekana kwenye mashamba yaliyolimwa miaka mingi, si yaliyofyekwa karibuni. Penye udongo wa magadi usiiweke, kwa sababu hupunguza asidi na hapo tatizo litazidi. Pima udongo kwanza.

Wakati wa kupanda, tia konzi mbili za mchanganyiko katika kila shimo. Usipotosha shamba zima, anza na mistari michache, kisha endelea na mingine msimu ujao. Iliyotangulia itakuwa bado imo udongoni.