Tuombe Chuo Gani cha Udaktari? Swali Hili Lilianza Zamani

Wiki hii hapa kampi tulikaa na wenzetu watatu waliomaliza sekondari. Wote wanataka kuwa madaktari na wote wana swali moja: tuombe chuo gani? Mmoja anasema Makerere, kwa sababu ina jina. Mwingine anasema Mbarara, kwa sababu ni karibu na sisi. Wa tatu, dada mmoja mwenye diplome ya Leta, anasema heri arudi Bukavu, kule Kifaransa chake kitamsaidia. Tulibishana mpaka giza likaingia. Mwisho tukasema: ebu tuangalie kwanza waliotutangulia walipitaje.

Wa kwanza kabisa hawakuwa na cha kuchagua. Kule Kongo, mwaka 1936 Wabelgiji walifungua shule ya wasaidizi wa madaktari mjini Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Kijana alisoma miaka mingi, akatibu watu, lakini mpaka anazeeka aliitwa msaidizi tu. Chuo kikuu cha Lovanium kilianza 1954, muda ukiwa umeshakwenda sana. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, nchi kubwa vile haikuwa na madaktari wake yenyewe. Baada ya siku chache vurugu zikaanza, madaktari wengi wa Kibelgiji wakakimbia, hospitali zikabaki na wauguzi na wale wasaidizi.

Ikafanyika nini? Shirika la Afya Duniani lilileta madaktari wa nchi nyingine, na wakati huohuo likapeleka makumi ya wale wasaidizi Ufaransa wakamalize masomo ya udaktari. Hawakuanzishwa mwaka wa kwanza kama watoto wa shule. Walichokuwa wanakijua kilihesabiwa, kwa hiyo baada ya miaka michache walirudi nyumbani wakiwa madaktari kamili. Tukumbuke hilo, tutalirudia.

Upande huu wa Afrika Mashariki mambo yalifanana. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi, na baada ya muda mfupi mafunzo ya udaktari yakaanza katika hospitali ya Mulago. Kwa miaka karibu arobaini, kijana wa Kenya, Tanganyika au Uganda aliyetaka kusomea udaktari bila kuvuka bahari alikuwa na mlango mmoja tu: Mulago. Na waliomaliza miaka ile ya mwanzo waliwekwa chini ya Wazungu, kwa cheo cha msaidizi na mshahara mdogo. Walipigania miaka mingi wahesabiwe kuwa madaktari kama wengine.

Milango iliongezeka baada ya uhuru. Dar es Salaam walifungua shule ya udaktari 1963, ambayo leo ni chuo cha Muhimbili. Nairobi walianza 1967. Mbarara ilianza 1989. Hapo ndipo swali la "chuo gani" lilipozaliwa kweli.

Sasa tuseme juu ya jina. Makerere ilikuwa na jina kubwa kuliko vyote. Halafu Idi Amin akachukua nchi mwaka 1971, na 1972 akafukuza Waasia. Walimu wengi wakaondoka, wengine kwa kufukuzwa, wengine kwa hofu. Chuo kilikuwa kilekile, mlima uleule, lakini mwanafunzi aliyefika miaka ile alikuta walimu wachache na dawa hakuna. Baadaye chuo kilisimama tena, na leo bado ni kikubwa. Tunachosema ni kwamba jina la chuo halikuambii leo darasani kuna nani. Uliza wanafunzi walioko kule sasa.

Na umbali je? Hapa tunamkumbuka Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu mwaka 1955. Baba yake alikuwa mchungaji. Walipokwenda kuona wagonjwa, baba aliomba, na mtoto akaona kwamba anataka kutoa dawa pia. Lakini mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, na udaktari ukawekwa Kinshasa. Mtu wa Bukavu kufika Kinshasa ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, barabara hakuna. Bujumbura ni kushuka tu bonde la Ruzizi. Mukwege alisoma udaktari Burundi, nchi ya jirani, akamaliza 1983. Akafanya kazi hospitali ya Lemera, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya akina mama, kisha akarudi. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, na 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakusoma kwenye chuo chenye jina zaidi.

Kwa hiyo wenzetu watatu tuliwaambia waulize mambo manne kabla ya kujaza fomu.

Moja, karatasi yako itahesabiwa? Diplome ya Leta haisomwi hapa Uganda mpaka ilinganishwe kwanza na baraza la mitihani. Inachukua muda na pesa. Usingoje wiki ya mwisho.

Mbili, chuo kina hospitali gani? Udaktari unajifunza kitandani kwa mgonjwa. Uliza wanafunzi wangapi wanasimama kwenye kitanda kimoja.

Tatu, ufadhili unafika wapi? Hapa Uganda udaktari ni miaka mitano, halafu mwaka wa mazoezi kazini. Kuna ufadhili unaolipa miaka michache tu. Soma masharti mpaka mstari wa chini, usije ukaachwa katikati.

Nne, ukimaliza, nani atakupa leseni? Wale wa Mulago na Léopoldville walijua kutibu, lakini karatasi iliwaita wasaidizi. Uliza baraza la madaktari la nchi unayotaka kufanyia kazi.

Na kwa mkimbizi kuna la tano. Kurudi kusoma katika nchi uliyoikimbia kunaweza kugusa hadhi yako ya ukimbizi. Dada yetu hakulijua hilo. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa miaka yangu sita ya sekondari kwa Kifaransa inaenda bure?" Tulimrudisha kwa wale wasaidizi wa 1960. Yao haikwenda bure, kwa sababu kuna mtu alikubali kuihesabu. Yake pia inabidi ipelekwe mezani ihesabiwe.

Bado hajachagua. Jumatatu wawili wetu tutamsindikiza kuuliza habari za ulinganisho wa diplome, na swali la hadhi tutalipeleka ofisi ya ulinzi. Ninyi mlioko kampi zingine, na ninyi wafanyakazi wa mashirika: kama mmeshapita njia hii, tuandikieni ilichukua siku ngapi na shilingi ngapi. Mwisho wa kupokea fomu uko karibu.