Malipo ya Askari na Elimu ya Watoto Wao: Mfano wa Sandoa na Nchi ya Lualaba, 1941–2019

1.0 Utangulizi

Mwezi Juni 1944, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alitia saini sheria iliyowapa askari waliokuwa wakitoka vitani haki ya kusomeshwa kwa gharama ya serikali. Hadi mpango huo ulipokwisha mwaka 1956, askari wa zamani wapatao milioni 7.8 walikuwa wamepata elimu au mafunzo ya kazi kwa njia hiyo, na zaidi ya milioni 2 kati yao walifika vyuo vikuu. Sheria hiyo ilikuwa na kasoro, hasa kwa kuwa askari weusi wa majimbo ya kusini walinyimwa kwa hila kile ambacho maandishi yaliwapa. Hata hivyo, msingi wake ulikuwa wazi: utumishi wa askari ni deni, na shule ni mojawapo ya njia za kulilipa.

Miezi minne kabla ya saini hiyo, mnamo Februari 1944, askari wa Force Publique, yaani jeshi la Kongo ya Kibelgiji, waliasi katika kambi ya Luluabourg, mji ambao leo huitwa Kananga. Nao walikuwa askari wa vita vilevile. Uasi ulizimwa, viongozi wake wakaadhibiwa vikali, na hapakutungwa sheria yoyote inayofanana na ile ya Marekani.

Makala haya yanachunguza jinsi deni la askari lilivyolipwa, au lilivyoachwa bila kulipwa, katika nchi ya Sandoa. Sandoa iko magharibi ya Lualaba, kuelekea mpaka wa Angola, katika eneo la Walunda na Wachokwe. Jirani yake upande wa kaskazini ni Kapanga, penye Musumba, makao ya Mwaant Yaav. Hoja inayotetewa ni kwamba katika eneo hili malipo ya askari yalifuata bendera badala ya kumfuata mtu. Na kila bendera iliposhushwa, mtoto wa askari alibaki na baba aliyetumika na ada isiyolipwa.

2.0 Deni la vita na shule za vijijini

Mwaka 1941 vikosi vya Force Publique vilipita Sudan vikaingia Uhabeshi, vikapigana Asosa na Gambela, na mwezi Julai vikapokea huko Saio kujisalimisha kwa majeshi ya Italia yaliyoongozwa na Jenerali Gazzera. Baadaye askari wa Kongo walipelekwa Nigeria, Misri na Palestina, na kikosi cha waganga kikafika Burma. Kadiri vita vilivyoendelea, idadi ya jeshi hilo ilifikia takriban watu 40,000. Waliobaki vijijini nao hawakusalimika. Kuanzia mwaka 1942 siku za kazi za lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, ili zipatikane mazao na mpira kwa mahitaji ya vita.

Vita vilipokwisha, Ubelgiji ilikubali kurudisha sehemu ya gharama ambazo koloni lilikuwa limezibeba. Fedha hizo ndizo zilizotumika kuanzisha, mwaka 1947, Mfuko wa Ustawi wa Wenyeji, uliojenga zahanati, visima na shule katika sehemu za mashambani. Kwa mtazamo wa historia ya elimu, jambo hili lina uzito mkubwa. Fedha za vita zilifika shuleni kweli, lakini hazikupitia mikononi mwa askari. Aliyehesabiwa kuwa mdai ni koloni, na aliyeamua shule ijengwe wapi ni mtawala. Askari aliyerudi kutoka Saio hakuwa na karatasi ya kumwonyesha mwalimu mkuu na kusema kwamba mwanawe anastahili kuandikishwa kwa sababu ya miaka ya baba yake jeshini. Kama shule ilijengwa karibu na kijiji chake, mwanawe alisoma pamoja na wengine. Kama haikujengwa, utumishi wa baba haukubadili lolote.

3.0 Kambi kama shule

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba jeshi la kikoloni halikusomesha mtu. Uhusiano wa jeshi na shule ulikuwa wa zamani: mnamo 1890 Mfalme Leopold II aliamuru vianzishwe vituo vya kuwalea na kuwafunza mayatima na watoto walioachwa, na wengi wa wavulana waliotoka humo waliishia jeshini. Hapa mpango ulikuwa kinyume cha ule wa Marekani. Badala ya jeshi kumfungulia mtu mlango wa shule, shule ndiyo iliyomfikisha mtoto jeshini.

Baadaye askari aliandikwa kwa miaka 7, akaishi kambini na mkewe na watoto, na baadhi ya kambi zikawa na madarasa. Wachache walipata mafunzo ya ukarani. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Joseph-Désiré Mobutu, ambaye alifunzwa kazi ya ukatibu na hesabu katika shule ya jeshi huko Luluabourg, akaacha jeshi mwaka 1956 na kuingia katika uandishi wa magazeti. Kwake yeye jeshi lilikuwa ngazi. Lakini ngazi hiyo ilikuwa na kikomo: siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, jeshi lenye watu wapatao 25,000 halikuwa na afisa hata mmoja Mkongo.

Huko Sandoa na Kapanga, ngazi ya kawaida ilikuwa misheni. Wamethodisti wa Marekani walifika katika nchi ya Walunda mwanzoni mwa karne ya 20, na miongoni mwa waliosomeshwa nao ni Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba. Kwa muda mrefu ruzuku ya serikali ya kikoloni ilikwenda kwa misheni za Kikatoliki. Shule za Kiprotestanti zilianza kuipata baada ya Vita Kuu ya Pili tu. Kwa hiyo mzazi wa Sandoa aliyetaka mwanawe asome alitegemea misheni isiyokuwa na ruzuku, kambi iliyo mbali, au kampuni ya Union Minière, ambayo shule zake zilikuwa za watoto wa wafanyakazi wake katika miji ya shaba.

4.0 Askari wa bendera iliyotoweka

Sura nzito zaidi ya historia hii ilianza tarehe 11 Julai 1960, Tshombe alipotangaza kwamba Katanga imejitenga. Jeshi lake, lililoitwa Gendarmerie ya Katanga, liliandika vijana wengi wa kusini na magharibi ya jimbo hilo, Walunda wakiwa miongoni mwao. Kwa kijana ambaye masomo yake yalikuwa yamekoma katika madarasa ya awali, ilikuwa ajira yenye mshahara, na mshahara ulilipa ada za wadogo zake.

Mwezi Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Kolwezi, ngome ya mwisho ya Tshombe, na Katanga ikakoma kuwa dola. Askari wachache waliingizwa katika jeshi la taifa. Maelfu walivuka mpaka kwenda Angola. Mwaka 1964 Tshombe alipofanywa Waziri Mkuu wa Kongo yote, wengi waliitwa warudi kupigana na waasi wa Simba. Mwaka 1966 na tena 1967 waliasi huko Kisangani, na waliosalia wakarudi uhamishoni. Nchini Angola waliwapigania Wareno, na mwaka 1968 wakaunda chama cha FNLC chini ya Nathanaël Mbumba. Ureno ilipoondoka mwaka 1975 walikuwa upande wa MPLA.

Tarehe 8 Machi 1977 wapiganaji hao waliingia Shaba, jina la Katanga wakati huo. Dilolo, Kapanga, Kasaji na Sandoa zilianguka katika wiki za kwanza, hadi serikali ya Zaire ilipozirudisha kwa msaada wa majeshi ya Moroko. Mwezi Mei 1978 walirudi na kuiteka Kolwezi, na safari hii walitolewa na askari wa Ufaransa na Ubelgiji. Makumi ya maelfu ya wakazi wa magharibi ya Lualaba walikimbilia Angola.

Katika Februari ya mwaka huohuo wa 1977 serikali ya Zaire ilikuwa imetia saini mapatano ya kuyarudishia makanisa usimamizi wa shule zilizotaifishwa mwaka 1974. Shule za misheni za Sandoa zilikuwa zirudi mikononi mwa wenyewe. Badala yake zikapitiwa na vita.

Hapa ndipo swali la haki linapokuwa gumu. Askari aliyeandikwa mwaka 1960, akarudishwa kazini na serikali halali mwaka 1964, kisha akatumika Angola kwa miaka mingi, amdai nani? Katanga haikuwepo tena. Ureno ilikwisha ondoka. Zaire ilimhesabu kuwa mwasi. Alikuwa na miaka ya utumishi kuliko wengi wenye pensheni, lakini hapakuwa na hazina iliyofunguliwa kwa jina lake. Kwa familia iliyobaki Sandoa, jina la baba lilikuwa hatari badala ya kuwa hati ya madai.

5.0 Pensheni na minervali

Yaliyowapata askari wa upande wa pili yanaonyesha kwamba bendera halali pekee haikutosha. Askari wa Zaire alikuwa na haki ya mshahara na pensheni kisheria, lakini thamani ya malipo hayo iliyeyuka. Mwezi Septemba 1991 askari waliochoshwa na ujira duni walianza uporaji mjini Kinshasa, nao ukaenea katika miji mingine. Mwezi Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5 ambazo wafanyabiashara walizikataa, na uporaji ukaanza tena.

Katika miaka hiyohiyo mzigo wa shule ulihamia kwa wazazi. Kutokana na migomo ya walimu wasiolipwa, wazazi walianza kuchangia mishahara yao, na mchango uliokusudiwa kuwa wa muda ukawa desturi. Neno *minervali*, ambalo awali lilimaanisha ada ndogo ya serikali, likaja kubeba katika mazungumzo ya watu gharama zote za kumweka mtoto darasani. Hivyo pensheni ilipungua wakati uleule ada ilipopanda, na mstaafu mwenye hati zote alijikuta karibu sawa na yule asiyekuwa nazo.

6.0 Kadogo

Mwaka 1996 na 1997 majeshi ya AFDL ya Laurent-Désiré Kabila yalivuka nchi yote. Baadhi ya askari wa zamani wa Katanga walirudi kutoka Angola kupigana upande wake. Pamoja nao waliandamana watoto wenye bunduki, na Kiswahili kikawapa jina la *kadogo*. Neno la mapenzi, ambalo nyumbani humwita mtoto mchanga, liligeuka kuwa cheo cha vita. Sheria ya Juni 2000 iliamuru makundi dhaifu, wakiwemo askari watoto, yatolewe jeshini. Katika mpango wa kitaifa uliofuata mwaka 2004, mtu mzima aliyeweka silaha chini alipewa fedha kidogo za kuanzia maisha. Mtoto alipaswa kurudishwa shule au kufundishwa ufundi. Hii ndiyo mara iliyokaribia zaidi ile kanuni ya mwaka 1944, ya shule kutolewa kama fidia ya miaka ya vita. Ni jambo la kusikitisha kwamba waliofikiwa nayo kwanza ni wale ambao hawakupaswa kamwe kuwa askari.

7.0 Hitimisho

Mwezi Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani mjini Kinshasa Koplo Albert Kunyuku, askari wa Vita Kuu ya Pili mwenye umri wa miaka 100. Heshima hiyo ilistahili. Lakini nishani humtambua mtu mmoja. Elimu ya watoto ingalitambua kizazi.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, imefanya elimu ya msingi katika shule za umma kuwa ya lazima na ya bure, na utekelezaji wake ulianza Septemba 2019. Kwa kanuni hiyo mtoto wa mstaafu, wa mwasi wa 1977 na wa mkulima wa Sandoa wote huingia darasa la kwanza kwa haki moja, bila kuulizwa baba alitumikia bendera gani. Pengine hilo ni jibu bora kuliko sheria yoyote ya upendeleo kwa askari. Hata hivyo, linaishia kwenye shule ya msingi. Katika sekondari na chuo kikuu mzazi bado hulipa, na huko ndiko miaka ya utumishi ingeweza kuhesabiwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wajukuu wa wadai hao sasa wamefikia umri wa kuandikishwa vyuoni.