Faksi ya Kigali: Onyo Lililofika na Uamuzi Ulioshindikana

Serikali na mashirika ya kimataifa, kila baada ya maafa, hujitetea kwamba taarifa za kijasusi hazikuwa za uhakika. Kisa cha Kigali kinaubomoa utetezi huo.

Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, alituma faksi New York. Mtoa habari wake, mkufunzi wa wanamgambo wa Interahamwe, alikuwa ameagizwa kuwaorodhesha Watutsi wa Kigali, na alikadiria kwamba watu wake wangeweza kuua hadi 1,000 kwa dakika 20. Alieleza pia mpango wa kuwachokoza askari wa Ubelgiji na kuwaua baadhi yao ili nchi yao iondoe jeshi. Alisema yuko tayari kuonyesha ghala la silaha, mradi yeye na familia yake wapewe ulinzi. Dallaire alipanga kulivamia ghala ndani ya saa 36.

Idara ya kulinda amani, iliyokuwa chini ya Kofi Annan, ilimzuia. Aliagizwa ampelekee Rais Habyarimana habari hizo, na awaarifu mabalozi wa Ubelgiji, Ufaransa na Marekani. Lakini Interahamwe ilikuwa jumuiya ya vijana ya MRND, chama cha rais huyo huyo! Onyo likapelekwa kwenye kambi ya watuhumiwa.

Ni kweli kwamba mtoa habari mmoja hatoshi, na Dallaire mwenyewe aliandika katika faksi ile kuwa huenda ni mtego. Ila shaka ya namna hiyo ni sababu ya kukagua, wala si sababu ya kukaa kimya. Azimio 872 la Oktoba 1993 lilikuwa limekipa kikosi jukumu la kuchangia usalama wa Kigali, ndani ya eneo ambalo silaha zilipaswa kudhibitiwa. Kilichotawala New York ni hofu ya Mogadishu, Somalia, ambako wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa siku mbili tu kabla ya azimio hilo kupitishwa. Gharama ya kutenda ilipimwa kwa makini. Gharama ya kutotenda haikupimwa kabisa.

Tarehe 7 Aprili 1994, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa pia. Ubelgiji ikaondoa jeshi lake, kama ilivyotabiriwa. Tarehe 21, huku mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea, Baraza la Usalama likapunguza kikosi hadi watu 270 hivi.

Onyo lilipuuzwa Nairobi pia: Balozi wa Marekani Prudence Bushnell aliiomba Washington mara kadhaa jengo la ubalozi lililo salama zaidi, akajibiwa kuwa fedha hazipo. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu kwenye ubalozi huo liliua zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya.

Mabunge yetu ya Afrika Mashariki yatunge sheria: afisa anayekataa kuchunguza onyo la mauaji aandike sababu zake, atie saini, na ahojiwe na kamati ya bunge, hata kama kikao hicho kitakuwa cha siri.